Kwa nini Ufaransa ilikaa karibu miaka 80 bila benki ya taifa baada ya John Law?

Mweka Hazina, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni mweka hazina wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo hapa Kisumu, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma historia ya fedha za serikali kila jioni baada ya kufunga leja. Nimefika sura ya Ufaransa nami nimekwama hapo.

Ninavyoelewa, Mfalme Louis XIV alipofariki mwezi wa Septemba 1715 aliacha deni la zaidi ya livre bilioni 2 (livre ndicho kipimo cha fedha cha Ufaransa wakati huo), na mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka mitano. Philippe wa Orléans, aliyetawala kwa niaba ya mtoto huyo, alimruhusu Mskoti mmoja, John Law, kufungua benki mjini Paris mwezi wa Mei 1716. Kufikia Desemba 1720 benki ilikuwa imekufa na Law ametoroka nchini. Baada ya hapo hakuna benki ya aina hiyo hadi tarehe 18 Januari 1800, ilipoundwa Banque de France. Katikati, mwaka wa 1776, kulianzishwa chombo kilichofanya kazi ya benki lakini kikaitwa Caisse d'Escompte, yaani kasha la kununulia hati za madai kabla ya muda wake kuiva. Neno lenyewe la benki lilikwepwa.

Vitabu nilivyo navyo vinalimaliza jambo hili kwa sentensi moja, kwamba watu waliogopa. Sikatai kwamba waliogopa. Lakini hofu ya babu peke yake haimzuii mjukuu kukopa, na Benki ya Uingereza, ambayo nayo ilizaliwa mwaka wa 1694 kutokana na madeni ya vita ya mfalme, iliendelea kuishi. Basi ni kitu gani hasa kilichoiua benki ya Law, na kwa nini jeraha lake halikupona kwa vizazi vitatu? Naomba mwenye kujua anifafanulie bila haraka.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Mweka Hazina, salamu kutoka Nakuru. Nimelisomesha somo la historia kwa muda mrefu na swali lako ni lile ambalo wanafunzi hulipita kwa sababu kisa cha Law kina mambo mengi ya kusisimua: ujana wa kamari, mtu aliyemuua katika pambano la panga London mwaka wa 1694, na umati uliojaa katika barabara ya Quincampoix kununua hisa. Naomba tuyaweke hayo kando, tuishike noti yenyewe mkononi na kusoma kilichoandikwa juu yake, kwa maana jibu la nusu ya kwanza ya swali lako liko hapo.

Noti za mwanzo za Law hazikuandikwa kwa livre. Livre haikuwa sarafu ya kushikika. Ilikuwa kipimo cha hesabu tu, na mfalme ndiye aliyetangaza kwamba sarafu fulani ni livre kadhaa leo na livre kadhaa nyingine mwezi ujao. Serikali za Ufaransa zilikuwa zimeutumia uwezo huo mara nyingi kupunguza madeni yao bila kuonekana kwamba zimekataa kulipa. Noti za Banque Générale, yaani hiyo benki ya Law, ziliahidi kitu tofauti: mwenye noti atalipwa kwa sarafu za madini ya fedha zenye uzito na ubora ule ule uliokuwapo siku noti ilipotolewa. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyeweka noti hiyo sandukuni alikuwa amejikinga dhidi ya mkono wa mfalme, na karatasi ikawa salama kuliko sarafu yenyewe. Ndiyo sababu ilipendwa. Mwezi wa Aprili 1717 maofisa wa kodi waliamriwa wazipokee noti hizo katika malipo ya kodi, nazo zikasambaa nje ya Paris.

Ukumbuke pia jinsi mtaji ulivyokusanywa. Ulikuwa livre milioni 6, hisa 1,200 za livre 5,000 kila moja, na robo tatu ya bei ya hisa iliweza kulipwa kwa hati za deni la serikali ambazo sokoni zilikuwa zimeshuka thamani sana. Law alikuwa anaivuta karatasi mbovu ya serikali kutoka mikononi mwa watu na kuifungia ndani ya mtaji wa benki. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ubunifu wa kweli, na hadi hapo sioni kosa kubwa la kumlaumu.

Kosa lilianza Desemba 1718. Mfalme aliwanunua wenye hisa, benki ikageuka kuwa Banque Royale, na noti mpya zikaanza kuandikwa kwa livre. Ile ahadi ya uzito iliondolewa. Vilevile, idadi ya noti haikutegemea tena wateja walioleta sarafu au hati za biashara. Ilitegemea amri ya baraza la mfalme. Wengi hulitaja badiliko hili kwa kupitia tu, lakini mimi naliona kuwa ndilo bawaba ambayo mlango wote uliizunguka. Kabla ya siku hiyo noti ilimlinda raia dhidi ya mfalme, na baada yake noti ilikuwa mali ya mfalme.

Wakati huohuo Law alikuwa na kampuni ya biashara aliyoianzisha Agosti 1717 kwa ajili ya Louisiana, koloni la Ufaransa huko Amerika Kaskazini, watu wakaiita kampuni ya Mississippi. Katika mwaka wa 1719 kampuni hiyo ilimeza kampuni nyingine za ng'ambo, ikachukua kiwanda cha kupiga sarafu, ikachukua ukusanyaji wa ushuru, kisha ikaahidi kumkopesha mfalme kiasi cha kulipa karibu deni lake lote kwa riba ya asilimia 3. Waliokuwa wakimdai mfalme walilipwa, na kwa kuwa hawakuwa na pahali pengine pa kuweka fedha hizo, wakanunua hisa za kampuni. Hisa iliyotolewa mwanzoni kwa livre 500 ilifika karibu 10,000 mwishoni mwa mwaka. Benki ilichapisha noti ili watu wapate za kununulia hisa. Mwezi wa Januari 1720 Law akafanywa mkuu wa fedha za ufalme mzima.

Sasa tazama miezi iliyofuata. Wachache walipoanza kubadilisha noti kwa sarafu, Februari ilitoka amri iliyomkataza mtu kuwa na zaidi ya livre 500 za sarafu nyumbani. Machi bei ya hisa ilifungwa kwa livre 9,000, na benki ikawajibika kuzinunua kwa noti kwa bei hiyo, jambo lililofanya noti zifurike. Tarehe 21 Mei ikatangazwa kwamba noti zitapunguzwa hatua kwa hatua hadi nusu ya thamani yake. Ghasia na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba amri hiyo ilifutwa ndani ya juma moja, lakini nani angeiamini tena? Julai, watu wapatao 15 walikufa kwa kukanyagana mbele ya benki, wakigombea kubadilisha noti ndogo ili wapate sarafu za kununulia chakula. Wakati huo noti zilizokuwa mikononi mwa watu zilizidi livre bilioni 2.5.

Linganisha na Uingereza. Wale waliomkopesha mfalme paundi milioni 1.2 mwaka wa 1694 kwa riba ya asilimia 8 walipewa ushuru maalumu uliopitishwa na bunge kwa ajili ya kulipa riba hiyo, na katika bunge hilo walikaa watu wa tabaka la wakopeshaji wenyewe. Mfalme wa Uingereza asingeweza kuamka asubuhi na kuamuru noti ziwe nusu. Mfalme wa Ufaransa aliweza, na akafanya hivyo. Law alikuwa na akili nyingi, lakini mlango mzima ulining'inia kwenye hiari ya mtu mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumkatalia.

Mama Duka, Busia

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mwaka wa 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 hazitatumika baada ya tarehe 30 Septemba, nami nilipanga foleni benki na mauzo yangu ndani ya mkoba, nikiwa na wasiwasi mwingi kwa sababu wateja wa ng'ambo ya mpaka walikuwa bado wananiletea zile za zamani. Je, jambo lile lilikuwa la aina moja na hilo la Mei 1720?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Marahaba, mama. Si la aina moja, ingawa wasiwasi wako ulikuwa wa haki. Mwaka wa 2019 aliyeleta noti elfu moja ya zamani alipewa noti elfu moja mpya, na aliyepata hasara ni yule aliyeshindwa kufika kwa wakati au kueleza fedha zake zilikotoka. Mwaka wa 1720 aliyetii sheria, akapeleka dhahabu yake benki kama alivyoamriwa Februari, ndiye aliyeambiwa Mei kwamba karatasi aliyopewa itakuwa nusu. Mtiifu aliumia kuliko mkaidi aliyezika sarafu zake shambani. Kwangu mimi hilo ndilo lililobaki katika kumbukumbu za familia za Ufaransa, hata kuliko kuanguka kwa bei za hisa.

Mhasibu, Kakamega

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona Mwalimu ameishika benki kwa mikono miwili na kuiacha hazina. Benki ni mtoto wa mapato. Serikali yenye mapato yanayojulikana inaweza kukopa kwa riba nafuu hata bila benki, na serikali isiyojua mapato yake haitaokolewa na benki yoyote.

Ufalme wa Ufaransa haukukusanya ushuru wake wenyewe. Tangu 1681, chini ya Colbert, waziri wa fedha wa Louis XIV, kodi ya chumvi, ushuru wa forodha, ushuru wa vinywaji na mengineyo yaliunganishwa na kukodishwa kwa kundi la matajiri waliojulikana kama Ferme générale, ambao kwa mkataba wa miaka sita walimlipa mfalme kiasi kilichokubaliwa, kisha wakakusanya wao kwa wananchi na kubaki na ziada. Wasomaji wa pwani wanaufahamu mpango huu, kwani Sultani wa Zanzibar naye aliikodisha forodha yake, kwa nyumba ya Jairam Shivji na baadaye kwa Taria Topan, na kama ilivyokuwa Zanzibar, mkodishaji ndiye huyohuyo aliyegeuka kuwa mkopeshaji wa mtawala. Mtawala anapomdai mtu ushuru na wakati huohuo anadaiwa naye, ni nani anayemsimamia mwenzake?

Juu ya hayo, vyeo vya serikali viliuzwa. Mtu alilipa fedha akawa hakimu au mpokeaji wa kodi, na kuanzia 1604 aliweza kulipa ada ya kila mwaka ili cheo kiwe urithi wa mwanawe. Mpokeaji wa kodi alikaa na makusanyo katika akaunti yake binafsi na kumkopesha mfalme fedha ambazo kwa hakika zilikuwa za mfalme. Makabaila na makasisi walikuwa na misamaha ya kodi ya namna nyingi. Kwa hiyo hapakuwa na kitabu kimoja ambacho mtu angeweza kukifungua akaona jumla ya kilichoingia na kilichotoka. Necker, aliyekuwa mkuu wa fedha za mfalme, alipochapisha hesabu mwaka wa 1781, watu walizigombea kwa sababu hawakuwahi kuonyeshwa kitu kama hicho. Lakini alionyesha ziada ya livre milioni 10 katika matumizi ya kawaida tu, huku mikopo ya vita vya uhuru vya Marekani akiiweka nje ya hesabu. Mimi ni mhasibu, na jambo hilo linanikera hadi leo. Mwaka wa 1788 hesabu ya kweli ilipotolewa, matumizi yalikuwa livre milioni 629, na karibu milioni 318 kati ya hizo zilikwenda kulipia madeni. Mapato yalikuwa kama milioni 503.

Naomba mnivumilie kidogo nieleze namna Necker alivyokopa, kwa kuwa sijaona mfano bora wa gharama ya kutoaminika. Aliuza mapato ya maisha. Ulitoa kiasi fulani mara moja, na serikali ikakulipa takriban asilimia 10 kila mwaka mradi mtu uliyemtaja angali hai. Serikali haikuuliza umri wa mtu huyo. Mtoto wa miaka mitano na mzee wa sabini walilipiwa kiwango kimoja. Wenye benki wa Geneva walipiga hesabu. Wakachagua wasichana wadogo 30 wa familia zenye afya njema mjini kwao, waliokwisha kuvuka hatari ya ndui, wakafuatiliwa na madaktari wazuri, kisha wakanunua mapato kwa majina yao na kuwauzia watu wengi vipande vya fungu hilo. Hazina ya Ufaransa ikawa inalipa asilimia 10 kwa muda ambao huenda ungefika miaka 60. Serikali inayoaminika haina haja ya kukubali bei kama hiyo. Nayo ile Caisse d'Escompte, hata ingeitwa benki, ingefanya nini mbele ya hazina ya namna hii?

Mweka Hazina, Kisumu

Asanteni sana, Mwalimu na Mhasibu. Nakiri kwamba sikuwa nimeona uhusiano kati ya kukodisha ushuru na riba ya mikopo, na sasa nauona. Hao wasichana wa Geneva walifikwa na nini? Na bado nina haja ya kuelewa nusu ya pili: kwa nini jambo liliwezekana mwaka wa 1800 na si 1776? Je, ni kwa sababu aliyetawala alikuwa mtu wa jeshi mwenye nguvu?

Mhasibu, Kakamega

Wasichana waliishi, malipo ndiyo yaliyokufa. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa serikali iliendelea kulipa, lakini kwa asinyati, zile noti zilizotolewa kuanzia Desemba 1789 kwa dhamana ya ardhi zilizotwaliwa kutoka kwa kanisa. Toleo la kwanza lilikuwa la livre milioni 400 na lilikuwa na riba. Kufikia mapema 1796 zilikuwa zimetolewa kwa makumi ya bilioni na hazikuwa na thamani ya kutajwa, na tarehe 19 Februari mwaka huo mitambo ya kuzichapishia iliharibiwa hadharani Paris, katika uwanja wa Vendôme. Nyumba nyingi za Geneva zilifilisika. Mwezi wa Septemba 1797 serikali ikamaliza kazi kwa kufuta theluthi mbili ya deni la taifa, ikakubali theluthi moja tu kuwa deni halali.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Mhasibu amenisahihisha kwa haki kuhusu hazina, nami nakubali. Nitaongeza sehemu ya benki tu.

Caisse d'Escompte ilianzishwa Machi 1776, Turgot akiwa mkuu wa fedha, kwa juhudi za mwenye benki Isaac Panchaud, na ilikatazwa kutoza zaidi ya asilimia 4 kwa hati za biashara. Ilifanya kazi vizuri kwa wafanyabiashara. Lakini mwaka wa 1783 hazina iliikopa livre milioni 6 kwa siri, habari zikavuja, watu wakakimbilia kubadilisha noti, nayo ikalazimika kusimamisha malipo. Ilipona. Mwaka wa 1787 ikatakiwa kuipa hazina milioni 70, na mwaka uliofuata noti zake zikafanywa za lazima kupokelewa. Mwaka wa 1793 ikafungwa. Kwa hiyo, ndugu Mweka Hazina, jeraha la 1720 halikuachwa lipone; lilitoneshwa kila mara na mkono uleule.

Kilichobadilika kufikia 1800 si tabia ya watawala. Deni la zamani lilikuwa limefutwa, kwa dhuluma kubwa kwa wajane na wazee walioishi kwa mapato hayo, na hilo siwezi kulisifu. Ferme générale ilikuwa imevunjwa, na wanachama wake 28, pamoja na mwanakemia Lavoisier, waliuawa Mei 1794. Vyeo havikuuzwa tena kwa namna ya zamani, na tangu mwishoni mwa 1799 kodi za moja kwa moja zilikuwa na idara ya serikali yenyewe. Mwaka wa 1803 faranga iliwekewa uzito maalumu, gramu 5 za madini ya fedha zenye ubora wa sehemu tisa kwa kumi, faranga hiyo ikawekewa pia uzito wake wa dhahabu, na huo wa dhahabu haukubadilishwa kwa zaidi ya karne moja. Unaona tumerudi kwenye ile ahadi ya uzito iliyokuwa juu ya noti za mwanzo za Law?

Kuhusu mtu wa jeshi, nguvu zake zilikuwa hatari vilevile. Mwaka wa 1805 mikopo kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiihudumia hazina iliisukuma Banque de France hadi ikabidi ipunguze ulipaji wa noti zake, na mwaka wa 1806 Napoléon, badala ya kuiacha iwe mbali zaidi na serikali, aliiwekea gavana aliyeteuliwa na yeye.

Lakini kama unataka kupima hofu ya wananchi, usiitafute katika jina la benki. Itazame noti ndogo kuliko zote iliyotolewa mjini Paris. Ilikuwa ya faranga 500, wakati kibarua wa mji huo alipata faranga chache tu kwa siku, kwa hiyo angeweza kuishi maisha yake yote bila kuishika hata moja. Noti ya faranga 200 haikutolewa hadi 1847, na ya 100 mwaka uliofuata, baada ya mapinduzi mengine.